Pembe Mkononi mwa Mtu Kimondo

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana Vedasto Lugembe alinawa mikono kwa sabuni ya mche, akaikausha kwa taulo ambalo mkewe na wanawe hawakuruhusiwa kuligusa, akavaa glavu nyeupe za pamba na kuketi mbele ya kabati la vioo. Nyumba yake iko Gongoni, Tabora, nyuma ya maduka ya vitenge. Sebuleni hamna makochi. Yalitolewa ili kabati lienee, na mgeni anayekuja kusalimia au kuleta taarifa ya msiba hupokewa barazani, hata mvua ikinyesha.

Kabatini walisimama mashujaa wa filamu, kila mmoja urefu wa shibiri, kila mmoja ndani ya sanduku lake lenye dirisha la plastiki. Neno "mdoli" halikutamkwa humo. Vedasto aliwaagiza kutoka nchi za nje kupitia Dar es Salaam. Alikuwa na Mtu Kimondo, ambaye kwenye filamu hubeba daraja la treni kwa mkono mmoja huku abiria wakimpungia. Alikuwa na Jenerali Barafu, Malkia Umeme, Kobe wa Chuma na wengine wa namna hiyo. Wote walikuwa na vifua vipana na mapaja kama magogo ya mninga. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kubeba ndoo ya maji kutoka bombani.

Wenzake walikuwa wawili. Zablon alikuwa mwalimu wa sekondari. Alijua kila shujaa alitoka kiwandani mwaka gani, ila majina ya wanafunzi wake yalimpiga chenga. Ambrosi alikuwa na duka la dawa. Walikuja na mashujaa wao wamewaviringisha kwenye kanga laini kama vichanga wanaopelekwa kliniki, na kwa pamoja walijiita Chama cha Mashujaa wa Unyanyembe. Kazi ya chama ilikuwa kukusanya na kuthamini. Shujaa aliwekwa chini ya taa, akatazamwa kwa lenzi ya fundi saa, rangi yake, viungo vyake, silaha zake, kona za sanduku lake, kisha akapewa divisheni kama mtoto wa kidato cha nne. Shujaa aliyewahi kushikwa na mtoto alipata ziro. Shujaa ambaye hajawahi kumfurahisha mtu yeyote alipata divisheni wani. Watoto wa Vedasto waliwatazama kupitia vioo viwili, cha sanduku na cha kabati, mpaka wakakua wakaacha kutazama.

"Goti la kushoto," alisema Zablon Jumamosi moja, akimkagua Malkia Umeme. "Lina ulegevu."

"Huo si ulegevu, mwalimu," alisema Vedasto. "Ndiyo mkao wake."

"Mkao gani? Huyu ana baridi yabisi."

"Mpeni divisheni tuu yaishe," alisema Ambrosi. "Jua linazama na mimi nimeacha duka wazi."

Jua lilikuwa linazama kweli, na msafara ukaingia kwa chini ya mlango.

Ulisikika kabla ya kuonekana, kwa sababu ya njuga. Walikuwa wanaume wa urefu wa shibiri, wamejifunga vipande vya kaniki kiunoni, wakitembea mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na pembe ya ndovu begani, na kwenye ncha ya kila pembe njuga moja ndogo. Walikuwa wapagazi wa zamani, wale waliotoka Ujiji kwenda pwani wakafia njiani. Tabora ilikuwa kituo chao cha kupumzika walipokuwa hai, na kufa hakukuwapa sababu ya kukipita. Kabati la Vedasto lilikuwa na taa ndani. Waliuona mwanga kutoka barabarani wakadhani ni kambi. Mbele yao alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara, mwenye manyoya kichwani na kigoma kisichozidi kizibo cha soda. Alisimama mbele ya viatu vya Vedasto.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," alisema Vedasto, bila kuinua macho kutoka kwenye goti la Malkia Umeme.

Chini ya kioo cha kabati fundi alikuwa ameacha mwanya ili taa zipate hewa. Wapagazi wakapita hapo, wakatua mizigo, wakaegemea ubao wa nyuma na kuanza kukandana mabega. Jenerali Barafu aliwatazama kutoka ndani ya sanduku lake kwa ile sura yake ya kuokoa dunia.

"Hawa ni wa filamu gani?" aliuliza Zablon.

Hakuna aliyejua. Wakawatoa mmoja mmoja, wakawaweka chini ya taa, wakawathamini. Hawakuwa na masanduku. Chini ya nyayo, mahali pa nembo ya kiwanda, walikuwa na nyufa. Rangi ilikuwa imebabuka begani, na kila bega lilikuwa na sugu nene kama punje ya choroko. Shingo zote zilikuwa zimelala upande mmoja. Mmoja wao alikuwa na kidole cha sita kwenye mkono wa kushoto, kidogo, kando ya kile cha mwisho.

"Kasoro ya kiwandani," alisema Vedasto.

Alisema haraka. Mkono wake mwenyewe wa kushoto, ndani ya glavu, ulikuwa na kovu mahali hapohapo. Alikatwa kidole chake cha sita hospitalini kabla ya kwenda sekondari, kwa maombi yake mwenyewe, ili asichekwe.

"Ziro," alisema Zablon. "Ziro wote. Hata kwa darasa langu sijaona matokeo haya."

"Wao, sawa," alisema Ambrosi. Alikuwa ameinua pembe moja kwa kibanio na kuizungusha mwangani. "Lakini vifaa vyao, waheshimiwa. Hii ni pembe kweli. Vifaa ni divisheni wani."

Basi wakachukua pembe, na wapagazi wakatiwa kwenye ndoo ya kupigia deki, nyuma ya nyumba, karibu na jiko la mkaa. Kwa kanuni za chama ulikuwa uamuzi wa haki. Na Tabora haukuwa uamuzi mgeni. Uliwahi kutolewa hapohapo, siku za nyuma, na watu wenye kofia nzuri zaidi.

Jioni hiyo Vedasto alimtoa Mtu Kimondo kwenye sanduku kwa mara ya kwanza. Alilipasua kwa wembe upande wa chini, pasipoonekana, akamfungua ngumi, akamshikisha pembe kwa supagluu, akampulizia mpaka gundi ikakauka, kisha akamrudisha na kuliziba sanduku. Pembe ilikuwa ile ya mpagazi wa vidole sita, maana ndiyo iliyokuwa ndefu kupita zote. Mashujaa wengine nao walipewa zao. Malkia Umeme aliipokea kwa lile goti lake lililolegea.

Vedasto alikuwa na dada mkubwa, Minza, aliyeishi Chemchem kwenye nyumba ya ukoo na kuuza asali sokoni. Jumatatu asubuhi alimletea mdogo wake chupa ya asali, kama alivyozoea, na kama ndugu wengine alipitia uani. Aliikuta ndoo. Wapagazi walikuwa wamesimama ndani yake tangu Jumamosi, kwa sababu mpagazi aliyenyang'anywa mzigo hajui akae namna gani.

Minza aliinama. "Mwangaluka," alisema, akiwaamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka," waliitikia wote kwa pamoja.

Mmoja aliinua mkono wa kushoto kujikinga jua, naye Minza akauona. Akaweka chupa chini, akaulaza mkono wake mwenyewe wa kushoto kwenye ukingo wa ndoo. Ulikuwa na vidole sita. Yeye hakuwahi kwenda hospitali yoyote kuomba apunguzwe.

"Wewe ni wa nani?" aliuliza yule mpagazi.

"Wa Lugembe."

"Lugembe ni mimi."

"Najua, babu. Mimi ni mjukuu wa mwanao. Yule uliyemwacha mgongoni kwa mama yake."

"Alikua?"

"Alikua, akaoa, akazeeka, akafa."

Lugembe alilishika bega lake tupu.

"Niliwaambia nitarudi mvua za kwanza," alisema.

"Walingoja."

"Mvua zilikuja?"

"Zilikuja, babu. Zinakuja kila mwaka."

Minza akamweleza yaliyobaki. Mkewe Lugembe alizikwa nyuma ya nyumba, na kabla ya kufa aliagiza upande wake wa kulia asizikwe mtu, usipandwe mhogo, asifungwe mbuzi. Pale ni pa mume wake, akirudi. Watu wa ukoo ule wakazaliwa na kufa wakipazunguka mahali pale kama panapozungukwa kitanda cha mtu aliyelala. Vedasto pekee ndiye aliyewahi kupima pale kwa kamba akitaka kujenga banda la kuku, na Minza alimfukuza kwa mwiko.

"Twende ukapumzike," alisema Minza. "Mahali pako pako tayari."

"Mzigo wangu uko wapi?" aliuliza Lugembe.

"Uache mzigo, babu. Umekufa."

"Nimekufa, sijafika. Mtu hatupi mzigo njiani akaenda kulala kwa mkewe. Ataitwa nani?"

Minza aliinuka. Aliingia sebuleni bila kuvua viatu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu makochi yatolewe.

"Vedasto, umemtia babu yetu kwenye ndoo ya deki."

"Babu yupi, dada?"

"Baba wa babu. Lugembe mwenyewe. Vidole sita, mkono wa kushoto."

"Ile ni kasoro ya kiwandani."

"Basi kiwanda ni kilekile kilichokutoa wewe."

Vedasto aliutia mkono wa kushoto mfukoni. "Mchukue, dada, sikukatazi. Hana divisheni yoyote."

"Anataka pembe yake."

"Ile sasa ni kifaa cha Mtu Kimondo. Duniani kote hakuna Kimondo mwenye pembe. Jumamosi hii tuna maonyesho, mgeni rasmi ameshakubali."

"Ni Kimondo aliyeitoa Ujiji?"

"Dada, Kimondo anabeba daraja zima na treni yake!"

"La wapi?"

"La kwenye filamu."

Minza alimtazama Mtu Kimondo kupitia vioo viwili. "Bega laini kama sabuni ya mgeni," alisema. "Huyu hata chupa yangu ya asali angeniomba tusaidiane."

Akatoka, akajitwika ndoo, akaenda nayo Chemchem. Aliwachukua wote, kwa kuwa msafara haugawanywi.

Alichimba kaburi kwa jembe la palizi, upande wa kulia wa mkewe Lugembe, urefu wa kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Akatandika jani la mgomba. Lugembe alishuka mwenyewe, akajilaza kwa adabu karibu na mkewe, akafumba macho. Lile bega lake lisilo na kitu likainuka kama kizibo majini, na mwili wote ukalifuata, akajikuta amesimama. Akajaribu tena jioni. Bega likamwinua tena. Wenzake walitazama kutoka ukingoni mwa ndoo. Usingizi wa mpagazi uko begani, na bega lilikuwa bado linangoja.

Hapo Minza akamwendea Mustafa.

Mustafa alikuwa fundi wa vioo na alumini. Ndiye aliyelitengeneza kabati la Vedasto na kuuacha ule mwanya. Alikuwa Mzaramo. Baba yake alikuja Tabora na kazi ya reli, akabaki. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana unacheka. Akichukua kuku wako humpeleki popote. Na panapotokea msiba yeye ndiye bwana wa shughuli: huvaa koti la marehemu, huiga mwendo wake, hukalia kaburi lisifukiwe mpaka aridhishwe, na hakuna mfiwa anayethubutu kumnunia.

"Mtani, amka," alisema Minza mlangoni mwa karakana. "Nina msiba."

"Amekufa nani? Maana nyie hata mkifa mnajibebea jeneza wenyewe, hamtupi nafasi watu tuonyeshe huruma."

"Baba wa babu yangu."

"Huyo hajafa zamani?"

"Alikufa, ila hajazikwa."

"Wanyamwezi!" alisema Mustafa, akizima mashine ya kukatia. "Mzigo unafika kwa wakati, mwenyewe anachelewa."

Alikuja Chemchem, akaketi kando ya ndoo, akawasalimu wapagazi, kisha akaanza kuwasema. Aliwaambia kwamba wazee wake wa pwani waliwapikia ugali wa kuwapokea, ukapoa, ukaota ukungu, na kwamba deni la mboga bado liko palepale. Alisema amesikia Mnyamwezi akitua mzigo huanguka, maana ni mzigo uliokuwa umemshikilia. Lugembe, ambaye hakuwa amecheka tangu afe, alicheka mpaka akashika ukuta wa ndoo.

"Na Mzaramo," alijibu, "hana mzigo ila mdomo, na huo nao anatafuta wa kumbebea."

Hivyo ikathibitika kwamba utani ulikuwa bado hai. Mustafa akauliza pembe ziko wapi.

Maonyesho yalifanyika Jumamosi iliyofuata katika ukumbi wa kukodi karibu na soko. Mashujaa walipangwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, wametolewa kwenye masanduku kwa saa chache na kwa ruhusa maalumu ya chama, kila mmoja na pembe yake mkononi. Mtu Kimondo alisimama katikati na kadi ya nafasi ya kwanza miguuni, ambayo majaji, yaani Vedasto, Zablon na Ambrosi, walikuwa wameiandika tangu jana yake. Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mstaafu, mzaliwa wa Nzega, aliyeitwa kwenye kila shughuli kwa sababu alikuwa na suti.

Vedasto alitoa hotuba. Alisema kwamba watu wa Unyanyembe wana historia kubwa na wakati umefika wawe na mashujaa wao. Aliponyoosha mkono kuwaonyesha mashujaa hao aliwaonyesha Jenerali Barafu na Kobe wa Chuma. Watu wakapiga makofi. Mgeni rasmi naye akapiga, kwa kuwa ndicho alichoitiwa.

Ndipo Mustafa akaingia. Alikuwa amevaa koti ndani nje na glavu nene za kuchomelea vyuma, na alitembea kwa mwendo wa Vedasto hasa, makalio nyuma, kidevu juu, kama mtu anayenusa harufu ya daraja la chini. Mkononi alikuwa na kitako cha chupa ya soda. Akakiweka jichoni, akainama kwenye mguu wa Zablon.

"Goti lina ulegevu," alisema. "Divisheni foo."

Ukumbi ukaanza kucheka. Akamgeukia Ambrosi, akamkagua nyuma na mbele.

"Sanduku limefunguliwa na kurudishiwa gundi. Divisheni thrii."

Akafika kwa mgeni rasmi. Akamtazama kwa muda mrefu, akamzunguka, akamgusa bega kwa kidole kimoja.

"Huyu rangi imefifia, lakini hajawahi kutumika! Divisheni wani!"

Mgeni rasmi alicheka mpaka akatoa leso. Mustafa akafungua gunia, akaifikia meza, akaanza kuwatia mashujaa mmoja baada ya mwingine, vichwa chini.

"Weka chini!" alipiga kelele Vedasto. "Wizi huu! Unawashika kwa glavu chafu!"

"Wizi gani, marehemu mtarajiwa? Mimi ni mtani. Una msiba nyumbani tangu Jumamosi iliyopita, na hata kikombe cha chai hujanipa."

"Sina msiba! Na mimi sina utani na mtu. Hayo ni mambo ya washamba."

Kicheko kikakatika. Tabora unaweza kumwita mtu mwizi, mchawi au mlevi, na kesho mkanywa chai pamoja. Lakini mtu akisema hana watani, amesema hana wa kumzika. Mgeni rasmi alikunja leso yake taratibu.

"Kaa chini, kijana," alimwambia Vedasto, ambaye mvi zilikuwa zimeshamfika masikioni. "Mtani akishika, ameshika."

Vedasto akakaa. Zablon akatazama dari. Ambrosi akakumbuka kwamba duka lake liko wazi. Mustafa akamaliza meza, akajitwika gunia, akatoka na mwendo wa Vedasto mpaka nje ya lango, na watoto wa mtaani wakamfuata nao wakitembea hivyohivyo.

Chemchem, gunia lilipomwagwa mbele ya ndoo, wapagazi wakazitambua pembe zao mara moja, kila mtu yake. Tatizo lilikuwa gundi. Mustafa alijaribu kwa kisu, akajaribu kwa maji ya moto, akajaribu kwa petroli. Petroli ilimfuta Mtu Kimondo nyusi na sehemu ya tabasamu, lakini ngumi haikuachia. Vedasto alikuwa mtu makini. Katika maisha yake yote hakuna kitu alichokishika kwa uangalifu kama alivyozishika pembe zile kwenye mikono ile.

"Nitaivunja vidole," alisema Mustafa, akachukua koleo.

"Vidole vya nani?" aliuliza Lugembe.

"Vya huyu mdoli wenu."

"Koleo likiteleza je? Pembe ikipasuka mimi nitafika na nini? Mzigo wenye ufa hupokewa kwa fimbo. Acha."

Akaizunguka pembe yake kama mtu anayemzunguka ng'ombe kabla ya kumfunga kamba. Mtu Kimondo alikuwa amening'inia kando, joho jekundu, kifua mbele. Kirangozi akaja kutazama naye.

"Mzigo umeongezeka," alisema kirangozi.

"Huongezeka," alisema Lugembe.

Hakuna mpagazi aliyelalamika. Njia nzima ilikuwa hivyo, tangu Ujiji: kila kambi mtu mwenye nguo nzuri huongeza kitu chake juu ya pembe na kusema ni kidogo tu. Walikalishiana mizigo sawasawa. Lugembe akachuchumaa, akaweka bega, akainuka mara moja bila kusaidiwa. Mtu Kimondo aliinuka pamoja naye. Akakaa juu ya pembe kama bwana kwenye machela, miguu ikining'inia kifuani kwa Lugembe.

Minza alipiga magoti. "Babu, kaburi liko wazi. Tua. Nakuomba, tua hapahapa, mimi nitaupeleka. Nitapanda basi. Nitaufikisha pwani kabla jua halijazama kesho."

"Utampa nani?"

Mtu aliyekuwa akiingoja pembe ile alikufa zamani, na nyumba yake ya pwani ilikuwa imekwisha kuwa kitu kingine.

"Unaona," alisema Lugembe. "Mimi nitauliza huko."

Waliondoka alfajiri. Minza hakwenda sokoni siku hiyo. Alitembea kando ya msafara, hatua moja na kusimama, hatua moja na kusimama, kwa sababu miguu yao ilikuwa mifupi. Mustafa alitembea upande wa pili akiwazuilia bodaboda. Waendesha bodaboda walipunguza mwendo, wakapita pembeni.

"Hao wanapeleka midoli wapi?" aliuliza mmoja.

"Pwani," alisema Mustafa.

"Kwa miguu?"

"Kwa bega."

Bodaboda akatikisa kichwa, akaenda na abiria wake. Upepo wa barabarani ulikuwa umeyashika majoho, na msafara ulionekana mzuri sana kwa mtu anayetazama juu tu: Jenerali Barafu, Malkia Umeme, Kobe wa Chuma, wote vifua wazi, wote wakitazama mbele, wote wakielekea mashariki kama watu wanaokwenda kuokoa jambo. Chini yao wapagazi waliimba.

*Mzigo siyo wa bega, mwenyewe hatumuoni;*
*tukiutua kuaga, twaambiwa tembeeni.*

Adhuhuri walifika relini. Walivuka kwa kupita chini ya chuma, mahali ambapo mvua imechimba kokoto. Lugembe alikuwa wa mwisho. Aligeuza shingo, kidogo, kadiri pembe ilivyomruhusu.

"Mvua za kwanza," alimwambia Minza.

"Nimesikia, babu."

Njuga zilisikika kwa muda ng'ambo ya reli, kisha treni ya mizigo ikapita.

Minza alirudi nyumbani. Hakulifukia kaburi. Alilifunika kwa kipande cha bati na kuweka jiwe juu yake, na mvua zilipokuja aliliinua bati asubuhi, akatazama, akalirudisha. Jani la mgomba lilipooza alitandika jingine. Vedasto alifika Chemchem mara moja, akasimama kando ya shimo lile akiwa ameweka mkono wa kushoto mfukoni.

"Dada, nataka kukuuliza kitu kimoja tu," alisema.

"Uliza."

"Alipoondoka, joho la Kimondo lilikuwa limekunjwa au limenyooka?"

Minza alimtazama mpaka akaondoka.

Gongoni chama hakikuvunjika. Jumamosi iliyofuata yale maonyesho Vedasto alinawa mikono, akavaa glavu, akakaa mbele ya kabati ambalo sasa lilikuwa na masanduku matupu. Wakayathamini. Ilionekana kwamba masanduku yalikuwa katika hali bora kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa hayakuwa tena na kitu ndani cha kuyachubua. Zablon alisema kwamba kwa maoni yake shujaa ndiye aliyekuwa akiyapunguzia alama. Yote yalipata divisheni wani, na Vedasto aliwapa wenzake mikono. Mashujaa wapya alikuwa ameshawaagiza, na safari hii pamoja nao aliagiza supagluu ya chupa kubwa.

Jua lilipokuwa linazama zikasikika njuga. Ulikuwa msafara mwingine, mrefu kuliko ule wa kwanza, nao uliuona mwanga wa kabati kutoka barabarani. Ukaingia kwa chini ya mlango. Kirangozi wake alikuwa mzee sana. Manyoya yake yalikuwa yamebaki vijiti, na sugu ya bega lake ilikuwa kubwa kuliko ngumi yake. Alisimama mbele ya viatu vya Vedasto, akainama.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba," alisema Vedasto, akanyoosha mkono wenye glavu kupokea pembe.